Mchezo wa Kujenga Dola Darasani: Mkakati wa Mwanzo kwa Wanaoanza

Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi hana budi kukutana na watoto wanaojua kujumlisha na kutoa, lakini wasioweza kueleza ni lini yafaa kutumia mali na ni lini yafaa kuiweka akiba. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi michezo ya kompyuta ya kujenga dola, ile ichezwayo kwa zamu, iwezavyo kumsaidia mwalimu kuziba pengo hilo, hata mahali pasipo na kompyuta. Somo tunalolieleza tulilifundisha katika kata ya Kituntu, wilayani Karagwe, kwa watoto wa darasa la tano.

Mchezo wenyewe

Mchezo mashuhuri wa aina hii ni Civilization, uliobuniwa na Sid Meier na Bruce Shelley, ukatolewa Marekani mwaka 1991. Mchezaji huanza na walowezi wachache na ramani iliyofunikwa giza. Kila zamu huamua jambo: kupeleleza, kujenga mji, kulima, kuweka askari, kufanya mkataba na jirani. Akimaliza, humwachia mwenzake zamu. Mchezo huu umekwisha kuzifikia nchi zetu: toleo la sita la mwaka 2016 lina mji wa Zanzibar, na toleo la saba la mwaka 2025 lina Buganda. Upo pia mchezo wa Freeciv, ulioanzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Aarhus nchini Denmark na kutolewa mwaka 1996. Huo hautozwi fedha, na ukisha kuwekwa katika kompyuta waweza kuchezwa bila intaneti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mchezo wa zamu haumtaki mtoto awe mwepesi wa vidole, wamtaka afikiri. Anayelijua bao la Kiswahili amekwisha kujua nusu ya somo. Katika bao lenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye huziingiza moja moja wakati wa namua. Mwanzo wa dola ni namua yake: akiba ipo, ila swali ni kuiweka wapi.

Vifaa na kanuni

Vifaa ni chaki au kijiti cha kuchorea ardhini, mbegu za maharage, na vipande vya majani ya mgomba. Watoto wacheze wawili wawili. Kila jozi ichore miraba 36, sita kwa sita. Mwalimu atie alama ya maji katika miraba 24, kisha miraba yote ifunikwe majani, isipokuwa miwili ambayo wachezaji wataanzia. Kanuni ni hizi:

1. Kila mchezaji huanza na kijiji kimoja, bila mbegu yoyote.
2. Mwanzoni mwa kila zamu, kila kijiji humpa mwenyewe mbegu 2.
3. Kila zamu mchezaji hufunua miraba miwili. Kijiji hujengwa penye maji tu.
4. Kijiji kipya hugharimu mbegu 6, nacho huanza kutoa katika zamu inayofuata. Mlinzi hugharimu mbegu 2. Ikulu hugharimu mbegu 20, wala haitoi kitu.
5. Tangu zamu ya 6, kijiji kisicho na mlinzi chaweza kutekwa na jirani atakayelipa mbegu 4.
6. Mchezo huisha baada ya zamu 12.

Mafunzo manne ya mkakati

Kwanza, peleleza kabla ya kujenga. Mtoto asiyefunua majani hajui maji yako wapi. Hapa mwalimu atumie historia ya mahali. Mwaka 1861 Speke na Grant walipofika Karagwe, Mukama Rumanyika aliwakaribisha vizuri, akawauliza mengi juu ya nchi walizotoka. Mtawala huyo alijua kwamba habari nazo ni mali.

Pili, panua kabla ya kupamba. Watoto wengi hutaka ikulu mara moja. Tuwape hesabu hii waifanye ubaoni. Mchezaji wa kwanza anaweka akiba kwa ajili ya ikulu tu. Kwa kuwa ana kijiji kimoja, atafikisha mbegu 20 katika zamu ya 10. Mchezaji wa pili ananunua kijiji kila awezapo, mradi viwanja vyenye maji havikumkosa. Zamu ya 3 anapata kijiji cha pili, ya 5 cha tatu, ya 6 cha nne, ya 7 cha tano. Zamu ya 8 ananunua viwili kwa pamoja, navyo vinakuwa saba, akibakiwa na mbegu 2. Akiacha kununua hapo, zamu ya 9 atakuwa na mbegu 16, na zamu ya 10 mbegu 30. Basi naye atajenga ikulu zamu ile ile ya 10, abaki na mbegu 10 na vijiji saba, ilhali mwenzake ana kijiji kimoja. Tumeona watoto wakinyamaza kabisa hesabu hii ikamilikapo.

Tatu, jua wakati wa kuacha. Kijiji hurudisha gharama yake kwa zamu tatu. Kinachojengwa zamu ya 9 kitatoa mbegu 6 tu mpaka mwisho, yaani hakina faida wala hasara. Kinachojengwa zamu ya 10 kitatoa 4, nayo ni hasara ya mbegu 2. Mtoto asiambiwe jibu hili, aachwe alitafute.

Nne, linda, wala usitegemee mali ya aina moja. Kuteka kijiji kwa mbegu 4 ni rahisi kuliko kujenga kwa 6. Kwa hiyo asiyeweka mlinzi wa mbegu 2 anamwita mvamizi mwenyewe. Karagwe ya kale ilikuwa na ng'ombe wengi, ilifua chuma, na misafara kutoka Unyanyembe kwenda Buganda ilipita humo, wafanyabiashara wakiwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mtawala ya Bweranyange. Hata hivyo, sotoka ilipoingia katika miaka ya 1890 na kuua ng'ombe, nguvu za dola ziliporomoka. Tena, mapema zaidi, baada ya kufa kwa Ndagara, Rumanyika na ndugu yake Rogero waligombea kiti, na Rumanyika alisaidiwa na wafanyabiashara waliotoka pwani. Dola yaweza kuumia kutoka ndani kabla adui hajafika mpakani.

Kosa tulilolifanya

Hatuna budi kueleza kosa letu, ili mwanachuo asilirudie. Mara ya kwanza tulipofundisha somo hili tulisifu uvamizi. Mtoto aliyeteka vijiji vyote vya mwenzake tulimpigia makofi. Mwenzake, msichana mpole, alikaa bila kazi mpaka kipindi kikaisha. Kisha akauliza: "Mwalimu, watu wa vijiji vyangu wamekwenda wapi?" Hatukuwa na jibu.

Swali hilo si dogo katika mkoa wa Kagera. Wazee wa huku wanakumbuka majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, na daraja la Kyaka lilipovunjwa. Wanakumbuka pia mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Karagwe na Ngara. Kijiji kilichotekwa si mraba wa chaki. Mwalimu anayepita haraka juu ya jambo hilo anafundisha kwamba mwenye nguvu hana la kujibu.

Tuliongeza kanuni ya saba: wachezaji wakifanya mkataba wa biashara, kila mmoja hupata mbegu 1 ya ziada katika kila zamu mkataba ukidumu. Halafu tukawapa watoto hesabu. Mkataba wa tangu zamu ya 6 hadi ya 12 humpa kila mmoja mbegu 7, yaani 14 kwa jozi. Anayeteka kijiji zamu ya 6 hulipa 4 na kuvuna 12, faida yake ni 8. Lakini aliyetekwa hupoteza 12. Kwa jozi nzima ni hasara ya mbegu 4.

Mwalimu asiifiche tofauti ya 8 na 7. Mvamizi mmoja aweza kupata zaidi kidogo, na watoto wataiona. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza: je, aliyetekwa atatulia asilipize kisasi? Zamu ijayo nani atakubali mkataba na mtu huyo? Msichana yule, tulipocheza mara ya pili, ndiye aliyesema kwamba mbegu moja si bei ya jirani.

Tathmini

Somo limefaulu ikiwa mtoto aweza kueleza sababu ya kila zamu yake, hata kama ameshindwa mchezo. Tunashauri dakika 25 za mchezo na dakika 15 za mazungumzo. Bila mazungumzo, mchezo hubaki mchezo.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Mchezaji mwenye vijiji vitatu na mbegu 2 mwishoni mwa zamu ya 5 anunue mlinzi au aweke akiba? Toa sababu mbili.
2. Tunga kanuni moja inayowakilisha sotoka, kisha ueleze ingemfunza mtoto nini.
3. Andika jinsi utakavyomjibu mtoto atakayeuliza waliko watu wa kijiji kilichotekwa.