Ukienda Kuomba Mlima Elgon, Fungasha Hivi

Msomaji wetu mmoja wa Mombasa ametuandikia kwamba yeye na wenzake kumi na wawili wa kanisa lao wanakusudia kupanda Mlima Elgon mwezi wa Desemba, wakafunge na kuomba huko kwa siku tatu. Pamoja nao watakuwamo wageni wawili kutoka Ujerumani na kijana wa ndugu yake aliyezaliwa Uingereza. Anauliza wafungashe nini. Halafu anaongeza, na hapa ndipo niliposhika kalamu upesi, kwamba wataondoka Mombasa jioni kwa basi, wafike Kitale siku ya pili, na papo hapo wakodi matatu iwapandishe hadi mwisho wa barabara.

Ndugu msomaji, soksi na sweta tutazifikia. Kwanza tuitazame safari yenyewe. Mombasa iko usawa wa bahari. Mji wa Bungoma uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na Kitale karibu mita 1,900. Barabara ya gari ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, ukiingilia lango la Chorlim upande wa Kitale, hupanda hadi karibu mita 3,500. Kutoka hapo mtu huenda kwa miguu kuelekea kilele cha Koitobos, chenye mita 4,222. Basi mtu aweza kutoka pwani leo jioni, na kesho usiku akalala mahali ambapo kila pumzi humpa thuluthi mbili tu ya oksijeni aliyoizoea. Mwili una njia ya kujizoesha: mtu hupumua kwa kasi zaidi, figo zikatoa maji ya ziada, na baadaye damu ikaongeza chembe nyekundu. Lakini kazi hiyo ni ya siku kadhaa, na matatu haiwezi kuiharakisha.

Watu wameupanda mlima huu kwa ajili ya ibada tangu zamani. Wabukusu huuita Masaba, na wafuasi wa Dini ya Msambwa, ambayo Elijah Masinde aliiongoza tangu miaka ya 1940, wanauhesabu kuwa mahali patakatifu. Siku hizi makundi ya makanisa mengi hupanda pia. Wenyeji wa miteremkoni wana nafuu moja ambayo mgeni hana: wamezaliwa juu, na zamani walipanda kwa miguu, polepole.

Nitasimulia kisa kimoja. Nilipokuwa daktari mchanga, aliletwa kwangu bwana mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenye afya njema, aliyekuwa mlimani na kundi la maombi. Walipanda kwa gari wakitoka tambarare, wakafunga bila chakula wala maji. Usiku wa kwanza kichwa kilimgonga, akatapika. Wenzake walisema ni njaa ya mfungo. Asubuhi walimteremsha hadi kituo nilichokuwa, nami, kwa kuwa alitoka Bungoma, nikamdunga sindano ya malaria bila kupima damu, nikampa vidonge vya maumivu. Mchana akajiona nafuu. Nafuu hiyo ilikuwa ya kuteremka, lakini sindano yangu ndiyo iliyopewa sifa, nami nikamruhusu arudi juu kuwafuata wenzake. Usiku wa pili alianza kuyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka. Wengine walidhani Roho amemshukia, wakamzunguka wakiimba. Mama mmoja tu, aliyekuwa amefanya kazi ya uuguzi, ndiye aliyekataa, akawaamuru vijana wambebe washuke gizani. Alipona. Ubongo wake ulikuwa umeanza kuvimba, na angebaki pale hadi asubuhi, pengine hangeamka.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufungasha ni siku za ziada. Anayetoka pwani au ng'ambo alale Kitale usiku mmoja au, bora, miwili. Alale tena karibu na lango la mbuga kabla ya kulala juu ya mita 3,000. Ukishapita kimo hicho, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mchana waweza kupanda juu zaidi ukaomba, kisha ukarudi kulala chini.

Jifunze pia dalili, na wenzako wote wazijue. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu, katika saa 24 za kwanza juu mlimani, ni ugonjwa wa mlimani mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu wa namna hiyo asipande hata hatua moja. Apumzike, anywe maji, na asipopata nafuu ateremke. Dalili mbili hazingoji. Ya kwanza ni kuyumba: mwambie mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole, na akishindwa mteremsheni. Ya pili ni kupumua kwa shida hata akiwa ameketi, pamoja na kikohozi, wakati mwingine chenye povu. Huyo mapafu yake yanajaa maji. Washuke hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Ndiyo maana nasisitiza gari lisirudi Kitale. Dereva na alale huko huko, tangi lina mafuta. Simu haishiki kila mahali mlimani.

Je, kuna dawa? Ipo, huitwa asetazolamaidi na wengi huijua kwa jina la Diamox. Kipimo cha kawaida cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakufanya ukojoe mara nyingi na vidole vitachonyota. Mwone daktari kwanza, na umwambie ikiwa Septrin au Fansidar ziliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, kwa kuwa dawa hizi zina undugu wa mbali. Tena dawa hii si kibali cha kukimbia.

Kuhusu kufunga, mimi si mchungaji na sitaingilia nadhiri ya mtu. Lakini kama daktari nasema: fungeni chakula mkitaka, maji msifunge. Hewa ya juu ni kavu na baridi, na kila pumzi hukuondolea maji. Wenye kisukari, wajawazito na watoto wasifunge hata kidogo huko. Beba sukari guru, karanga na unga wa uji kwa ajili ya wakati wa kufungua. Maji ya mtoni yachemshwe. Kwenye mita 4,000 hutokota kabla ya kufikia digrii 90, basi yaache yatokote dakika tatu nzima. Busaa na chang'aa ziacheni bondeni, pamoja na vidonge vya usingizi, maana hivi hupunguza pumzi usiku.

Sasa mavazi. Kanzu nyeupe ya ibada ni ya pamba, na pamba ikilowa hunyonya joto lako lote. Ivae wakati wa maombi, lakini ndani uvae sufu au nguo za nailoni, na juu uwe na koti la mvua. Usiku maji yaweza kuganda. Mitumba ya Kitale itakupatia sweta mbili za sufu, kofia ya kufunika masikio, glavu na soksi nzito pea tatu kwa bei nafuu kuliko duka lolote la Mombasa. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. Wale wanaovua viatu mahali patakatifu wavivue pale pale pa kuomba, si njiani. Miwani ya jua na kofia pana ni lazima, kwani miale inayounguza ngozi huzidi kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Wageni wenu wa Ujerumani wataungua kabla ya saa sita.

Jambo moja limeua watu katika nchi yetu mara nyingi: jiko la makaa. Baridi ikizidi, watu huliingiza ndani ya hema na kufunga zipu. Sumu yake haina harufu, na dalili ya kwanza ni maumivu ya kichwa, yaani dalili ile ile ya mlima. Jiko libaki nje. Fungasha blanketi la pili badala yake.

Wageni wa ng'ambo wanahitaji mambo mengine mawili. Wakipitia Bungoma au Kitale wameze dawa za kukinga malaria, na kijana yule wa Uingereza naye, ingawa jina lake ni la Kibukusu. Kinga waliyo nayo binamu zake waliokulia hapa yeye hana, na malaria humshika kwa ukali kama Mjerumani. Akipewa doksisaiklini, ajue kwamba huifanya ngozi iungue na jua upesi. La pili ni chanjo ya homa ya manjano, ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Halafu kuna mapango. Wengi hupenda kuomba pangoni kwa sababu ya utulivu. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alikufa Nairobi kwa homa ya Marburg, na daktari aliyemtibu akaambukizwa, ingawa alipona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15 alikufa kwa homa hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa wameingia pango la Kitum, ambamo ndovu huenda kuchimba chumvi. Virusi hivyo hukaa ndani ya popo wanaokula matunda, na popo mwenye virusi hivyo alipatikana Kitum mwaka 2007. Sisemi kila anayeingia ataugua. Maelfu wameingia na kutoka salama. Lakini usilale pangoni, usifunge humo siku tatu, usishike popo wala kinyesi chake. Ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya kurudi, umwambie daktari kwamba ulikuwa Elgon na kama uliingia pangoni. Daktari wa Mombasa hawezi kulibuni hilo.

Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli na ambao si haba katika familia za Bungoma, wasipande kabisa. Upungufu wa oksijeni huzipinda chembe zao za damu na kuziba mishipa. Hata mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa siku zote, akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto huko juu, ateremshwe mara moja. Kama hujui hali yako, kipimo cha damu hufanywa katika hospitali kubwa. Kifanye kabla ya kulipa nauli. Wenye moyo dhaifu au pumu isiyotulia nao wabaki.

Msomaji wetu ameuliza mwishoni juu ya mamake, mwenye miaka 68, ana presha na kisukari, naye anataka sana kwenda. Presha yake ikiwa imetulia kwa dawa na daktari wake akiridhika, aende hadi Kitale, na siku moja apelekwe kwa gari mpaka langoni Chorlim, aombe na kundi huko, kisha arudi kulala mjini. Insulini yake isiachwe kwenye begi lililo juu ya gari, kwa sababu ikiganda huharibika. Aiweke ndani ya nguo, karibu na mwili, na glukosi mfukoni.