Kisukari Hakichagui Kabila

Wapo wakazi wanaoamini kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri, au wa jamii fulani tu. Imani hiyo huwachelewesha watu kupimwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima Waluo, Wakamba na Wamaasai wa mashambani, pamoja na wakazi wa Nairobi. Mashambani, watu wapatao 2 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Mjini walikuwa 12. Jamii zilitofautiana kiasi, lakini pengo kubwa lilikuwa kati ya mji na kijiji. Huko Kibera, mtaa wenye mizizi ya jamii ndogo ya Wanubi na ambao leo ni makao ya watu wa makabila mengi, utafiti wa mwaka 2013 ulipata takriban watu 5 kati ya 100. Kibera si mtaa wa matajiri.

Kwa nini mjini?
Mjini mtu hupanda bodaboda hata kwa safari fupi, hushinda ameketi, na hula chipsi, mandazi na soda. Mafuta yakijaa kiunoni, mwili hushindwa kutumia vyema insulini, na sukari hubaki kwenye damu. Ziwa nako soko linakua, na mazoea hayo yanatufikia.

Nani yuko hatarini zaidi?
- Mwenye kitambi au uzito uliozidi
- Mwenye mzazi au ndugu anayeugua kisukari
- Mwenye shinikizo la damu
- Mwanamke aliyepata kisukari akiwa mjamzito
- Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40

Dalili
Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, macho kufifia na vidonda visivyopona. Hata hivyo, wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka, huku macho, figo na mishipa ya miguu ikiharibika.

Chukua hatua
Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu watu wazima 88 kati ya 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye kipimo cha sukari. Anapobisha hodi, mkaribishe. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 au zaidi kinahitaji kurudiwa kituoni ili kuthibitishwa.

Punguza sukari kwenye chai, jaza sahani mboga, na utembee angalau nusu saa kwa siku. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa sababu unajihisi nafuu.