Somo la Afya: Mashini ya Umeme Nyumbani

Kama una mashini ndogo ya umeme, ile tunayoiita grupu, umepata msaada mwema. Taa zinawaka, samaki wanakaa katika baridi, simu zinajaa. Lakini ukiiunganisha vibaya na nyumba, yaweza kumwua mtu ambaye hujamwona kamwe. Basi shika neno hili: umeme wa njia mbili usikutane katika nyumba moja.

1. Desturi mbaya

Watu wengine hutengeneza waya wenye meno pande zote mbili. Upande mmoja huuchomeka katika mashini, wa pili katika tundu la ukutani, ili nyumba yote ipate nuru. Waya huu una hatari tatu.

Kwanza, ukichomoka upande mmoja, meno yake yako wazi nayo yana umeme. Mtoto akiyashika atapigwa.

Pili, penye nguzo za SNEL umeme wako haukai nyumbani. Hutoka kwa njia ile ile ambayo umeme wa mji huingilia, ukafika kwenye transfoma. Transfoma hupunguza nguvu ya umeme unaokuja kwetu. Lakini ule unaorudi huuongeza, na volti 220 huwa maelfu. Fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa, aweza kuuawa.

Tatu, umeme wa mji ukirudi ghafula, nguvu hizo mbili hupigana. Mashini huungua, na nyumba yaweza kushika moto.

Mwingine atasema, "Nitazima kwanza swichi kubwa." Je, siku utakayosahau? Au mtoto akiiwasha? Uhai wa mtu usiutegemeze juu ya kumbukumbu yako.

2. Njia njema

Njia rahisi ni waya mzima, mnene wa kutosha, kutoka mashini mpaka taa au friji, bila kugusa nyaya za nyumba.

Ukitaka nyumba yote iwake, mwite fundi wa umeme aweke swichi ya kugeuza. Ina nafasi tatu: mji, sifuri, mashini. Ikifungua mlango mmoja, hufunga mwingine. Haiwezi kufungua yote miwili, hata mtu akisahau.

Kijijini pasipo nguzo, majirani wakivutiana waya nyumba kwa nyumba, sheria ni ile ile. Mashini mbili zisiingie katika waya mmoja. Wala usiushike waya kwa sababu tu mashini yako imezimwa. Labda ya jirani inawaka.

3. Moshi

Weka mashini nje, si jikoni wala barazani, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha. Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, mtu hutapika. Watu hudhani ni malaria. Wakiugua wengi pamoja katika nyumba moja, watoe nje upesi, zima mashini, uwalete hospitali.

4. Aliyepigwa na umeme

Usimshike kabla ya kukata umeme. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na wengine watafute msaada. Hata akiamka na kusema ni mzima, mlete hospitali, kwa maana umeme huweza kuumiza moyo.

Torati ilimwamuru mwenye nyumba ajenge ukingo juu ya dari, mtu asianguke akafa (Kumbukumbu la Torati 22:8). Swichi ya kugeuza ndiyo ukingo wa nyumba yako.

Maswali

1. Kwa nini fundi aliye juu ya nguzo aweza kufa kwa mashini yako?
2. Swichi ya kugeuza hufanya kazi gani?
3. Mashini yako imewekwa wapi usiku huu?