Somo la 14: Mama Kevina

Ndugu msomaji, kama unakaa Mchukwi au vijiji vya jirani, hospitali ya misheni unaijua. Huenda mtoto wako alizaliwa pale. Katika Kibiti na Rufiji watu walio wengi ni Waislamu, lakini mgonjwa haulizwi dini. Mama mjamzito akitoka kwenye visiwa vya delta, safari yake huanza kwa mtumbwi, na wakati wa maji kupwa hana budi kungoja. Akichelewa, mzigo wote humwangukia mkunga wa kijijini. Hayo unayajua kuliko mwandishi wa somo hili.

Wako akina mama waliosaidia watu maisha yao yote, wakafa, na hakuna aliyeandika habari zao. Leo tutasoma habari za mama mmoja wa Uganda ambaye habari zake ziliandikwa. Yeye hakuzaa hata mtoto mmoja, maana alikuwa mtawa wa Kanisa Katoliki. Hata hivyo watu walimwita Mama mpaka alipokufa. Ukimaliza kusoma, wewe utaandika habari za mama wa kijiji chako.

Jina lake la kwanza lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 huko Ireland, katika nyumba ya wakulima. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Alipokuwa na miaka 10 mama yake naye alikufa, akalelewa na bibi yake. Mambo ya yatima kulelewa na bibi hayahitaji maelezo marefu kijijini kwetu. Mwaka 1895 aliingia utawani London, akapewa jina la Kevin. Waganda ndio waliolifanya kuwa Kevina.

Mwezi wa Desemba 1902 aliondoka Uingereza pamoja na masista wengine watano. Walishuka Mombasa, wakapanda gari moshi mpaka Kisumu, kisha wakavuka ziwa. Mwezi wa Januari 1903 walifika kilima cha Nsambya, karibu na Kampala. Dawa walianza kuzigawa chini ya mwembe. Miaka ile malale yaliua watu wengi sana kando ya Ziwa Viktoria, na ndui nayo ilikuwapo.

Mwaka 1914 ilianza vita kubwa ya Wazungu. Vita hiyo wazee wa Rufiji waliijua vizuri: manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika delta yetu, ikaangamizwa hapo Julai 1915. Majeshi ya Waingereza yalihitaji watu wa kubeba mizigo, wakachukuliwa maelfu kwa maelfu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na hapo ndipo lilipotoka jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi wengi walikufa kwa kuhara, njaa na homa kuliko kwa risasi. Wengine waliletwa hospitali ya Nsambya. Mama Kevina alikasirika kuona jinsi watu hao walivyotendewa, kana kwamba si binadamu. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi yake.

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa zaidi. Nsambya walikuja akina mama waliolemewa na uchungu wa kuzaa. Wengine walikufa, na wengine walifiwa na watoto. Masista walikuwapo pale pale, nao walijua uuguzi. Lakini sheria ya Kanisa wakati ule iliwakataza watawa kuzalisha. Ilidhaniwa kuwa kazi ya uzazi haimfai mtu aliyeweka nadhiri ya kutoolewa.

Fikiri, msomaji. Wewe ni mtawa, umeapa kutii. Mbele yako mama anakufa. Ungefanya nini?

Mama Kevina hakuliacha Kanisa lake, wala hakukaa kimya. Alitafuta njia. Sheria iliwabana watawa, lakini haikuwabana wasichana wa Uganda. Basi mwaka 1921, akishirikiana na daktari mwanamke aliyeitwa Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Wakati huo huo aliendelea kuwaomba wakubwa wa Kanisa wabadili sheria. Hakuwa peke yake katika kuomba. Masista na madaktari wa nchi nyingine nao waliomba. Roma iliondoa katazo hilo mwaka 1936. Toka shule ianze ilikuwa imepita miaka 15. Katika miaka hiyo watoto wa Uganda walipokewa na wakunga wa Uganda.

Majina ya wakunga hao wa kwanza hayatajwi katika habari nyingi za Mama Kevina. Nadhani hilo ni pengo kubwa, maana wao ndio walioamshwa usiku.

Kazi zake nyingine tutazitaja kwa ufupi. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Katika miaka ya 1930 alifungua makao ya wenye ukoma huko Nyenga na Buluba. Alipofika miaka 80 alipumzishwa uongozi, lakini alitumwa Boston, Marekani, kukusanya fedha za misheni. Alifia huko tarehe 17 Oktoba 1957. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali alale ugenini. Mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Nkokonjeru mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Katika Luganda jina lake lilipata kuwa neno: kevina, yaani hospitali au nyumba ya kusaidia watu.

Maneno ya kujifunza
Nadhiri: ahadi mtu anayompa Mungu.
Manowari: meli ya vita.
Mpagazi: mtu abebaye mizigo safarini.
Nishani: alama ya heshima itolewayo na serikali.

Maswali
1. Kwa nini masista walikatazwa kuzalisha?
2. Mama Kevina alifanya nini kabla sheria haijabadilika?
3. Je, alifanya vema kutafuta njia ya pembeni? Jadilianeni darasani. Wakunga na wauguzi waliomo darasani waseme kwanza.

Kazi ya kuandika
Chagua mama mmoja wa kijiji chako aliyekwisha kufa, aliyesaidia watu, awe Mkristo au Mwislamu. Waombe ruhusa watoto wake. Waulize alizaliwa wapi, alijifunza kazi kwa nani, aliitwa usiku kwenye nyumba zipi. Kama hawajui mwaka, uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya kuhama bondeni mwaka 1969, au baadaye? Kabla ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, au baadaye? Kisha muulize mtu wa pili, maana mmoja husahau. Usiandike tu kwamba alipendwa na wote. Andika alichofanya siku moja, kwa nani, na alirudi nyumbani saa ngapi. Andika pia jambo moja lililomshinda.

Mistari 15 yatosha. Msomee mtoto wake mkubwa kabla hujaileta darasani.