Kupiga Picha za Watu kwa Taa ya Flashi
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jinsi sisi wa Klabu ya Picha tunavyoitumia taa ya flashi kupiga picha za watu. Nimekubali kwa furaha, maana siku ya picha za kuagana za Kidato cha Nne haiko mbali, na picha hizo ndizo zitakazotundikwa ukutani kwa wazee wetu kwa miaka mingi.

Mtu akizitazama picha za miaka iliyopita zilizobandikwa nje ya ofisi ataona jambo la kusikitisha. Wenzetu wenye ngozi nyeusi sana hawana nyuso. Laonekana shati jeupe, yaonekana macho na meno, lakini pua, mashavu na paji la uso vimepotea gizani. Wenye rangi ya maji ya kunde wametoka vizuri kidogo. Na wenzetu wenye ualbino wametoka weupe kama karatasi, hata nyusi hazionekani. Wote walipigwa siku moja, mbele ya ukuta mmoja, kwa kamera moja. Je, kosa ni la ngozi? Hata kidogo. Kosa ni la mwanga, na mwanga waweza kutawaliwa.

Kwanza tuijue flashi yenyewe. Ndani yake mna kapasita, nayo hukusanya umeme polepole kutoka katika betri nne ndogo, kisha huumwaga wote kwa ghafula katika bomba dogo la kioo lenye gesi ya zenoni. Wanafunzi wa Fizikia na wapige hesabu: kapasita ya maikrofaradi 1,000 ikijazwa hadi volti 300 huweka nishati ya jouli 45. Hizo si nyingi. Taa ya wati 10 huzimaliza kwa sekunde nne na nusu. Lakini flashi ikizimwaga katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa muda huo huwa ni wati 45,000, yaani kama taa 4,500 za wati 10 zilizowashwa pamoja. Ndiyo sababu mtu huona nyota. Ndiyo sababu tena ni marufuku kabisa kuifungua flashi kwa bisibisi, hata kama betri zimetolewa, kwa kuwa kapasita yaweza kukaa na umeme wake muda mrefu.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa moto wa kweli. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliochanganywa na kemikali nyingine, ukawashwa ukalipuka kwa mwanga na moshi mwingi. Flashi ya umeme tunayoitumia leo ilitokana sana na kazi ya Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, aliyeanza miaka ya 1930 kupiga picha za vitu viendavyo mbio kwa mimweko mifupi mno.

Sasa tuje kwenye matumizi. Watu wengi huiacha flashi pale juu ya kamera, wakaielekeza usoni moja kwa moja. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mwanga utokao mahali pale pale linapotazama jicho la kamera hauachi kivuli chochote tunachoweza kukiona, na uso usio na kivuli huwa bapa kama sinia. Tena mwanga huo huingia ndani ya jicho, ukarudi na wekundu wa damu iliyo nyuma ya mboni. Hayo ndiyo macho mekundu kama ya jini yanayowachekesha watoto.

Basi jambo la kwanza ni kuiondoa flashi juu ya kamera. Klabu yetu ina kifaa kidogo cha redio kinachoipa flashi amri kutoka mbali. Tunaiweka upande mmoja wa mtu, katikati ya mbele yake na ubavu wake, juu kidogo ya macho. Hapo pua hupata kivuli chake, shavu hupata mviringo wake. Ukiisogeza pembeni zaidi, shavu la mbali huingia gizani, likabaki na pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Wapiga picha huuita mtindo huo kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1669, aliyependa kuchora nyuso namna hiyo. Kwa picha ya kumpelekea mama mzazi naona mtindo huo una huzuni mno. Lakini hilo ni oni langu.

Jambo la pili ni ukubwa wa mwanga, na hapa naomba msomaji awe makini, maana ndipo penye siri yenyewe. Uso wa flashi yetu ni mdogo kuliko kiganja. Mwanga utokao mahali padogo hufanya vivuli vikali vyenye kingo kama zilizokatwa kwa wembe. Mwanga utokao mahali papana hufanya vivuli laini. Usidanganywe na jua: jua ni kubwa ajabu, lakini liko mbali kilomita milioni 150, kwa hiyo kwetu ni kisahani kidogo, na vivuli vyake vya mchana ni vikali. Likifunikwa na wingu, mbingu nzima hugeuka taa, na vivuli hulainika. Sisi wingu letu ni mwavuli mweupe wenye upana wa mita moja, ambao flashi hupiga kupitia ndani yake. Asiye na mwavuli aweza kuigeuzia flashi ukuta mweupe. Lakini aangalie rangi: kuta za madarasa yetu ni nyeupe juu na buluu chini, na mwanga unaodunda kwenye ile buluu humfanya mtu aonekane kama anaumwa homa. Dari la bwalo nalo halifai, maana ni mabati na mbao nyeusi.

Upana huo wa mwanga wahusu nini na ngozi nyeusi? Wahusu sana. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja huingia ndani kidogo, ikatoka imechukua rangi ya ngozi. Sehemu nyingine haiingii kabisa, bali huteleza juu ya ngozi kama juu ya maji, nao ndio mng'ao tunaouona penye paji la uso na mfupa wa shavu. Ngozi nyeusi humeza zaidi sehemu ya kwanza, lakini ule mng'ao hauipungukii. Kwa hiyo umbo la uso mweusi huchorwa zaidi na mng'ao. Flashi ndogo ikipigwa wazi hutoa vidoa vyeupe vikali vichache, na mahali pengine hubaki giza. Mwavuli ukiletwa karibu, mng'ao hutandazwa taratibu toka paji la uso hadi kidevuni, na uso wote husomeka, nao bado ni mweusi. Wengi hudhani dawa ni kuongeza nguvu ya taa. Nguvu ikizidi, shati huungua na uso hugeuka kijivu. Inayohitajika ni taa pana iliyo mahali pake.

Tena tusisahau kwamba kamera nayo hudanganyika. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera huuona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na anayeumia ni mtu. Ndiyo maana sisi hatuiachi kamera ijiamulie.

Na kabla ya kamera za leo, hata filamu yenyewe ilikuwa na upendeleo. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley kwa jina la mmoja wa waliopigwa picha mwanzoni. Rangi ya ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha watu wote. Lorna Roth, mtaalamu wa Kanada, alichapisha mwaka 2009 uchunguzi wake juu ya kadi hizo. Aliambiwa kwamba waliosukuma filamu irekebishwe ili ionyeshe vizuri rangi za hudhurungi ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri. Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Lakini mafundi hodari walikuwapo hata wakati huo. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawapiga watu wengi katika ua kwa mwanga wa mchana, na nyuso zao ni nyeusi na kila mstari waonekana. Mwanga wa kivulini mwa ua ni mpana. Ni mwavuli wa bure.

Niwape sasa mfano mmoja mgumu. Rafiki wawili wa bweni letu walitaka wapigwe picha ya pamoja. Mmoja ni mweusi sana, mwingine ana ualbino. Ukipima kwa mmoja, unampoteza wa pili. Hapa ilitusaidia kanuni tuliyofundishwa darasani: mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Aliye umbali wa mita 2 hupata robo tu ya anachopata aliye mita 1, na aliye mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. (Hii ndiyo sababu katika picha za kundi zima safu ya mbele huwa nyeupe na safu ya nyuma ni mizimu.) Tuliweka mwavuli upande wa yule mweusi, mita 1 toka usoni pake, na mwenzake akawa mita 1 na nusu. Kwa hesabu, wa pili akapata sehemu nne tu kati ya tisa za mwanga wa wa kwanza, chini ya nusu. Kisha tukaugeuza mwavuli kidogo kumwelekea yule wa karibu, ili kitovu cha mwanga kimwangukie yeye na ukingo wake tu umfikie wa mbali. Wote wawili wakatoka na nyuso zao.

Tulimwuliza kwanza yule mwenye ualbino kama mwanga wamwumiza, maana wengi wao macho yao hayapendi mwanga mkali. Akasema, "Niambieni kabla hamjapiga, wala msinipige toka mbele." Ni haki yake. Tulihesabu moja, mbili, tatu kila mara. Mwenye kifafa naye aulizwe mapema, kwa kuwa mimweko inayofuatana upesi yaweza kumletea shida.

Kwa wanaotaka vipimo: kamera yetu huiweka kwenye ISO 100, tundu la lenzi f/8, na kasi ya 1/160. Flashi huanza na robo ya nguvu, mwavuli ukiwa mita 1. Ukipita kasi ya 1/200 kwa kamera yetu, upande mmoja wa picha hutoka mweusi, maana pazia la pili la kamera limekwisha anza kufunga kabla flashi haijamulika. Kuongeza au kupunguza mwanga wa flashi fanya kwa nguvu yake, kwa tundu, au kwa umbali; kasi ya pazia huugusa mwanga wa chumba tu. Upande wa kivuli, mwenzako ashike shuka jeupe lirudishe mwanga kidogo.

Muhula uliopita mwalimu wetu alitupeleka mjini tukaone taa kubwa za studio. Tulipomwamkia mwenye studio, "Shikamoo, mzee," aliitika, akatuonyesha taa mbili za jouli 300 kila moja, zenye taa ndogo ya kudumu ndani ili uone kivuli kitaangukia wapi kabla hujapiga. Hilo ndilo jambo nililolitamani kwake. Sisi hukisia, kisha hutazama. Lakini kanuni ni zile zile. Nilimwuliza kama mtu mwenye flashi moja aweza kupata picha nzuri. Akajibu, "Kijana, mimi nina mbili, na mara nyingi moja imezimwa."

Mahali pamoja hatukupatana naye. Picha zikisha pigwa, yeye huzipitisha katika kompyuta na kuwang'arisha watu ngozi, akisema wateja ndivyo wapendavyo. Labda ni kweli, naye ana familia ya kulisha. Lakini wazazi wetu watakapoletewa picha zetu mwishoni mwa mwaka, naomba wawaone watoto waliowazaa, kwa rangi ile ile waliyowazaa nayo. Klabu imemwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kupiga sisi wenyewe picha za kuagana, naye amesema atatazama kwanza picha za majaribio.

Majaribio hayo yatafanyika Jumamosi mbili zijazo baada ya usafi, katika chumba cha Jiografia, ambacho kuta zake ni nyeupe hadi chini. Tunahitaji watu wa rangi zote, na mashuka meupe mawili yaliyofuliwa.