Kujenga Shule ya Mjini: Sola Iwe ya Mwisho

Nasimamia ujenzi, na kazi yangu kubwa siku hizi ni madarasa hapa Dar es Salaam. Kamati ya shule ikinipigia simu kwamba wanataka shule rafiki kwa mazingira, cha kwanza wanachouliza ni bei ya paneli za sola. Nawajibu hilo tutalizungumza mwisho. Darasa likikaa vibaya litataka feni juani na taa saa nne asubuhi, na sola yote itaishia kuhudumia ramani mbovu.

Anzeni na kiwanja. Nendeni wakati wa masika, baada ya mvua ya usiku kucha, mkawaulize wenyeji maji hufika wapi. Alama ya tope kwenye kuta za jirani nayo itawaambia. Mafuriko ya Bonde la Msimbazi, hapa hapa mjini, yameshatufunza vya kutosha, na kiwanja cha bei ya chini mjini mara nyingi kina sababu yake.

Kisha mwelekeo. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linalotesa ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia kwa ubavu. La mchana liko juu, na paa likichomoza mita moja nje ya ukuta linatosha kulizuia. Basi pande ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi, bila madirisha, zibaki mashariki na magharibi. Upepo wetu nao unakubaliana na mpango huo: kaskazi huanza karibu na Desemba, kusi hushika kuanzia Aprili. Madirisha yakitazamana, hewa inapita darasani mwaka mzima.

Hapa ndipo mabishano huanza. "Mhandisi, mbona shule inaipa barabara ubavu?" mwenyekiti mmoja aliniuliza. Nikamwambia, "Mzee, barabarani tutaweka geti zuri. Watoto wako ndani."

Bati tupu hugeuza darasa kuwa tanuri. Francis Kéré, msanifu mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alianza kujulikana kwa shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Dari yake ni ya matofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu ili hewa ya moto itoke katikati. Si lazima muige kila kitu. Wekeni dari, acheni nafasi ya wazi chini ya bati, zibeni kwa wavu popo wasihamie. Dari ina faida nyingine: masika ikipiga juu ya bati tupu, mwalimu huweka chaki chini akangoja.

Kwa kuta napenda matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wameyapigia debe kwa muda mrefu. Udongo lakini upimwe. Jaza chupa nusu udongo, ongeza maji, tikisa sana, iache itulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake vumbi laini, juu kabisa mfinyanzi. Mfinyanzi ukizidi tofali litapasuka. Usipokuwepo kabisa litamong'onyoka kingo ukilishika. Yakishatoka mashineni yafunikwe na kumwagiliwa wiki nzima. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii, kwa hiyo simama naye. Kama ni ghorofa, na mjini ardhi itawalazimisha, mzigo ubebwe na nguzo na boriti za zege.

Maji ndiyo hesabu inayowashangaza wengi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 250, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, toa sehemu ya tano inayopotea: lita 200,000. Zinasikika nyingi. Sasa wanafunzi 500 wakitumia lita 3 kila mmoja, hiyo ni lita 1,500 kwa siku, na tenki la lita 50,000 litakwisha baada ya wiki sita na ushee za masomo. Kiangazi ni kirefu kuliko hapo. Kwa hiyo maji ya mvua yawe ya vyoo, kunawa na bustani, na bomba la mamlaka ya maji, DAWASA, libaki. Wekeni pia kipande cha bomba cha kutupa maji ya mwanzo, yale yanayosomba vumbi na kinyesi cha ndege.

Vyoo: mwongozo wa shule hapa Tanzania ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Ongezeni chumba cha kujisitiri chenye maji kwa wasichana. Kamati ikitaka kukikata ili kununua vioo vya ofisi, kataeni.

Miti ipandwe siku ya kuchimba msingi. Mwarobaini upande wa magharibi, mbali na gata. Mwembe weka mbali zaidi, maana mawe ya kuangulia maembe hutua kwenye bati.

Mkifika kwenye sola mtakuta mahitaji yamebaki ofisi, kompyuta na taa za jioni. Kabla hamjasaini na mkandarasi, andikeni kwenye muhtasari wa kikao nani atasafisha gata kila mwaka kabla ya masika, na fungu la kumlipa litatoka wapi.