Umeme, Flashi na Kazi Yako: Kutunza Kompyuta Bunia

Katika komini ya Shari, na Bunia nzima, kompyuta chache hufa kwa uzee. Nyingi huuawa na umeme, na kazi iliyomo hupotea kupitia flashi. Tuanze na umeme.

Kituo cha Budana kwenye mto Shari kilijengwa zama za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Leo, uwe unatumia umeme wa kituo, wa jenereta ya mtaani au wa sola, jua kwamba hatari kubwa haipo pale umeme unapokatika bali pale unaporudi, kwa sababu hurudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa chaja ukutani, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Jenereta nayo iache itulie kwanza. Soma kibandiko cha chaja: kikiwa kimeandikwa 100–240V, chaja hiyo huvumilia umeme hafifu. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuiokoa, hivyo inunulie stabilaiza na UPS. UPS ni ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima, si ya kuendelea kufanya kazi gizani. Usichomeke humo printa ya leza, itaizidi nguvu.

Radi isidharauliwe. Vipimo vya setilaiti za NASA vilivyotangazwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, Kivu Kusini, mashariki mwa nchi yetu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi. Ngurumo ikisikika, ng'oa waya ukutani, pamoja na waya wa mtandao. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Sasa flashi. Kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, mashine moja hupokea flashi za watu wengi kwa siku. Unarudi nyumbani, unakuta mafaili yako yamegeuka njia za mkato (shortcut). Usibofye hata moja: kubofya ndiko kunakoipa virusi nafasi ya kuingia. Mafaili mengi bado yapo, yamefichwa tu. Kwanza ichunguze flashi kwa Microsoft Defender, ambayo huja na Windows bila malipo. Kisha fungua dirisha la amri (cmd) uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Lakini kinga ni bora: tenga flashi moja ya kuchapisha tu, isiyo na kitu kingine, na TFC yako (kazi ya kumaliza masomo) isikae humo kamwe.

Data ni ghali, najua, na wengi huzima masasisho ili yasile megabaiti. Yapangie badala ya kuyazima. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi weka alama kwamba mtandao huo unapimwa (metered), kisha sasisha ukiwa chuoni au ofisini. Faili la kusasisha Defender unaweza kulipakua kwenye tovuti ya Microsoft na kulibeba kwa flashi safi. Kama bado unatumia Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 huishi vizuri na Linux Mint, ambayo ni ya bure. Programu za kufungulia Windows ya wizi ziogope, kwani virusi vingi huingia kwa mlango huo.

Kompyuta haiwaki? Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake. Ikiwaka, huenda betri ndiyo mgonjwa. Feni ikizunguka huku kioo kikiwa cheusi, mulika kioo kwa tochi: ukiona picha hafifu, taa ya kioo ndiyo imekufa na mafaili yako ni salama. Usiiweke kompyuta kitandani, matundu ya hewa yataziba, na vumbi jekundu la kiangazi litamaliza kazi.

Ukienda kwa fundi, mwambie waziwazi asifomati diski kabla ya kuokoa mafaili. Wengi hufomati kwanza kwa sababu ndiyo njia ya mkato.

Katika mkoa ambao familia nyingi zimekimbia nyumba zao kwa sababu ya vita, nakala ya diploma, hati ya kiwanja na kazi ya shule isikae kwenye mashine moja tu. Moja iwe kwa ndugu aliye mji mwingine, nyingine kwenye akaunti ya mtandaoni yenye nywila ndefu. Leo, kabla hujazima, nakili faili moja ambalo ungelia kulipoteza.